Kamba ya Shemeji

Hadi leo nikisikia mtu anasifiwa kwamba ana mikono ya ufundi, nauliza kwanza kama aliwahi kuvua tairi akaangalia ndani. Shemeji yangu hakuangalia.

Ilikuwa miaka ya sabini, pale serikali ilipotaka walimu wengi kwa haraka, na sisi tuliomaliza darasa la saba tukaambiwa tunaweza kuchukuliwa tukifaulu usaili. Sisi wa Kibondo tulitakiwa tufike Kasulu. Ukiitwa jina usiwepo, nafasi yako anapewa mwingine. Hilo tulielezwa waziwazi. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, mume wangu yuko kazini Kigoma mjini, na basi lilikuwa linakuja siku linapojisikia. Kaka yake mkubwa, bwana shamba mwenye pikipiki ya kazi, akajitolea kunipeleka. Nilimshukuru kwa magoti.

Kwetu Buha mwanamke hakutani na mzee akatupa salamu huku anatembea. Anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anajibu habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua, mpaka mzee atosheke. Ni adabu nzuri, sikatai. Lakini aliyeianzisha hakuwa anawahi usaili.

Tulipata pancha tukikaribia Makere. Msumari. Shemeji akashuka anatabasamu, na tabasamu hilo liliniudhi tangu mwanzo. Kumbe alikuwa ana hamu ya pancha! Dereva mmoja wa wageni alikuwa amempa vifaa vya kuzibia tairi: chuma chenye mpini na ncha kali, pamoja na kamba fupi za mpira zenye gundi. Unachoma tundu, unaingiza kamba, unajaza upepo, unaondoka. Tairi halivuliwi. Kamba hizo alikuwa amezitembeza Kibondo nzima akiwaonyesha watu.

Sasa, gari la yule dereva lilikuwa na matairi yasiyo na tyubu. Pikipiki yetu ilikuwa na tyubu, na mimi ni shahidi, kwa sababu Jumamosi iliyotangulia tyubu hiyo hiyo ilizamishwa kwenye beseni langu la kufulia kutafuta tundu linalotoa mapovu. Viraka vyake nilivijua. Viraka vingine na solusheni vilikuwa kwenye mkoba wa pikipiki, pale pale.

"Shemeji," nikasema, "lakini mle ndani si kuna..."

"Mwakeye!"

Wazee wawili walikuwa wanatokea shambani na majembe begani, wananisalimu kwa Kiha. Nikapiga magoti. Makofi. Nyumbani hamjambo? Hatujambo. Mvua inanyesha huko kwenu? Inanyesha. Huku nawajibu, namwona shemeji anakididimiza kile chuma, anakizungusha, anakipandisha na kukishusha kama anatwanga. Nikainuka, akaja mzee wa tatu. Huyu alitaka kujua mimi ni mkamwana wa nani, nikamtajia ukoo, naye akaufahamu, basi tukaanza upya.

Kamba ikaingia. Shemeji akapiga pampu. Upepo ukatokea kwenye spoki unapiga mluzi, na mtu yeyote mwenye masikio angejua kwamba tyubu imechanika.

"Upepo unatafuta pa kukaa," shemeji akasema.

"Eee, utakaa tu," wazee wakaitikia.

Akachoma kamba ya pili.

"Shemeji, tyubu!" nikasema kutoka pale chini.

"Shemeji, tulia. Hii ni ya kisasa."

"Huyu mama anataka kumfundisha bwana shamba pikipiki!" mzee mmoja akasema. Wakacheka wote, na shemeji akacheka nao. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na wao wakadhani ni jua.

Ndipo likaja lori la maharage, linaelekea Kasulu. Wakati huo huo mzee mwingine, mwenye mkongojo, ndiyo kwanza anafungua mdomo kunisalimu. Sikupiga magoti. Nilimpita, viatu mkononi, nikasimama katikati ya barabara nikipunga mikono yote miwili. Shemeji alikuwa ameinama kwenye kamba ya tatu, hata hakunyanyua kichwa.

Kasulu nilifika nimejaa vumbi, na jina langu limeshasomwa. Mtu wa mlangoni aliniambia kwa upole nijaribu mwakani. Upole wake haukunisaidia kitu. Nilikaa kwenye kizingiti nikawaangalia wenzangu wanaingia mmoja mmoja, na nikamchukia shemeji kwa moyo wangu wote.

Niliporudi Kibondo, mama mkwe alikuwa ananingoja mlangoni. Habari zilikuwa zimenitangulia, na hazikuwa za tairi. Zilikuwa kwamba mkamwana wa ukoo wetu amempita mzee barabarani kama mbuzi. Kikao kikaitwa. Ikaamuliwa pombe ya ndizi ipelekwe Makere, na nikaipika mimi mwenyewe. Kisha nikaambiwa nimwombe radhi shemeji pia, kwa kumwaibisha mbele za watu. Yeye alikaa kwenye kiti. Nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikaomba radhi. Katika kikao kizima hakuna aliyetamka neno tyubu.

Jumamosi shemeji akaja uani, tyubu imening'inia begani, imetobolewa pande zote mbili. Akasema ana haraka kidogo, naomba beseni, shemeji.

Beseni lilikuwa miguuni pangu, lina maji. Safari hii nilikuwa nimesimama.

"Tia kamba," nikamwambia.