Maji Chini ya Mbao

Harufu ya rangi ya mafuta bado hunibana kifua. Nikiinusa tu, narudi kwenye nyumba yetu ya mbao karibu na barabara ya Jogoo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, likizo ile baba alipoamua kuifufua sakafu. Nyumba ilikuwa ya kazini kwake, ya zamani, imeinuliwa juu ya nguzo fupi, na mbao za sakafu zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu juu ya kijani, kijani juu ya kijivu. Mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, na aliyeharibu nyumba alitolewa. Baba alikwangua kwa vipande vya chupa, akafuata na msasa, huku akiimba. Vumbi lilituingilia hadi kwenye ugali.

Kupiga deki kila Jumamosi mama alikuwa ameniachia mimi, na baba, aliyekuwa kazini, hakujua. Baba alikuwa ametuagiza tupanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kwa sababu mbao si saruji. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mvivu wa kutupwa. Mama akienda sokoni, nilimwaga ndoo nzima, nikasukuma kwa ufagio, maji yakapotelea kwenye nyufa, nami nikaenda kuruka kamba. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya nne baba alifika kwenye kona ya kabati, na chupa ikazama kwenye ubao kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Akaung'oa. Upande wa chini ulikuwa mweusi, umelowa, unamomonyoka. Akamgeukia mama.

"Mama Zaituni, hii si saruji ya kwenu Mbotela. Umemwaga maji mpaka tutafukuzwa."

Mama alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa. Mimi niliendelea kuzoa vumbi. Nilikuwa mwoga, basi. Baba alisema mengi siku ile, na mengine yaliwagusa wazazi wa mama. Jioni mama alifunga nguo zake kwenye leso akaenda kwao.

Alikaa huko wiki saba. Baba alipachika ubao mwingine, akapaka rangi upya, mkaguzi akapita bila neno. Sakafu ilimeremeta, na nyumba ikawa baridi. Nilipika ugali mbichi, baba akaula hivyo hivyo. Kila siku nilijiambia kesho nitasema. Mama alirudi wazee walipokwenda kumwomba radhi kwa niaba ya baba, lakini yeye na baba hawakutaniana tena kama zamani, hadi baba alipofariki.

Sasa mama anaishi nami mtaani Fedha, kwenye nyumba yenye sakafu ya vigae ambavyo waweza kuvimwagia hata pipa zima. Juzi nilikuwa napiga deki, yeye ameinua miguu kochini, nikaweka tambara chini nikamwambia yote. Hakushtuka. Alisema Jumamosi ya mwisho kabla ya ukarabati alirudi mapema kutoka sokoni, akaona maji yanadondoka chini ya nyumba, akanisikia ndani nikisukuma ufagio. Nikamuuliza mbona hakumwambia baba.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," akasema. "Wiki saba nilingoja, mwanangu."