Nyutro ya kuokoa dizeli

Miaka sita nimejiita mjanja wa dizeli. Kumbe!

Leo asubuhi tumetoka Timau na viazi, bibi yangu Mama Mwenda kando yangu. Mteremko ukaanza, nikatoa gia, nikaweka nyutro kama kawaida. Pikapu inajiendea yenyewe, mimi natabasamu.

Kona ya pili nakanyaga breki. Hakuna kitu.

Moshi. Mama Mwenda anaita Yesu. Nikaiingiza kwa shamba la ngano, ikasimama. Tuko wazima, lakini viazi vilimwagika hadi barabarani.

Fundi alipofika alichungulia gurudumu, akaniangalia kwa huruma.

"Mzee, ukiteremka na gia na mguu umetoa kwa mafuta, injini haimezi dizeli hata tone. Ukiwa nyutro ndio inakunywa. Hizi breki umezichoma bure."

Bure, jamani! Miaka sita!

Mama Mwenda akauliza kitu kimoja tu: "Na Mutethia je?"

Mutethia ni ndugu yangu mdogo. Anabeba ndengu na pikapu yake kule Kiambere. Hiyo nyutro ni mimi nilimfundisha.

Nampigia tangu saa tano. Hashiki.

Ukiona pikapu ya kijani ikiteremka huko, tafadhali msimamishe. Mwambie aingize gia.