Chupa ya Kiunoni

Nkambo yangu Kadija, mama wa mama yangu, aliuza vitenge sokoni Kamina, na mdomo wake ulijulikana mpaka Bukama. Mteja aliyeteta juu ya bei alijibiwa hadi akasahau alichokuja kununua. Mtu wa namna hiyo kukaribia kufa kwa sababu ya kunyamaza! Mpaka leo inanikasirisha.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alichemsha sindano yake ya kioo, akajidunga insulini pajani, kisha akala. Chupa za dawa alizitunza ndani ya chungu kilichofukiwa katika mchanga wenye maji, nyuma ya mlango, jua lisikofika.

Mwaka 1957 mama yangu, Amisa, alikuwa ameolewa na Yakubu huko Elisabethville, na nkambo alikuwa hajafika bado ukweni. Yakubu, kwa kupenda kuonekana, akamtumia tikiti ya ndege, kwenda na kurudi, akae mwezi mzima. Nkambo akaenda kwanza kwa Philémon, muuguzi aliyempa dawa.

“Mama, kule juu kuko baridi sana,” Philémon alimwambia. “Usitie dawa pamoya na mizigo. Ikiganda, ikikuwa glase, imekufa. Hata ikiyeyuka utaona iko muzuri, lakini haina tena nguvu. Na usiweke chupa zote fasi moya.”

Chupa tatu akazitia katika mkoba wa mkononi pamoja na sindano na vipande vya sukari vya kutafuna dawa ikimzidi. Ya nne akaifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni, pale wanawake wa soko wanapofunga pesa. Karani wa uwanjani akataka mkoba uende kwenye mizigo. Nkambo akamwambia kwamba ukienda huko, na yeye atakwenda kukaa huko huko. Karani akamwacha apande nao.

Elisabethville alipokewa na Mama Yakubu, mama mkwe wa binti yake, ambaye alinyoosha mkono auchukue mkoba. Kwetu mgeni habebi mzigo mbele ya mwenyeji wake. Ukimnyima, umemwambia humwamini. Nkambo akautoa.

“Ndani muko dawa yangu, mukwe. Inataka fasi ya baridi.”

Baba Yakubu alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa Bukama, na nyumbani kulikuwa na sanduku kubwa la barafu. Mama Yakubu akazizika zile chupa tatu katikati ya barafu, chini kabisa, mahali pa samaki wa heshima. Asubuhi akazileta zimeganda, nyeupe, ngumu.

“Nimekutunzia muzuri, mukwe!” alisema, uso unang’aa kwa furaha.

Na ule mdomo wa sokoni ukasema asante.

Alichofikiria ni binti yake, bibi harusi wa juzi katika nyumba ya watu. Akaamua chupa ya kiunoni imfikishe mwisho wa mwezi: kila asubuhi akajidunga nusu ya kipimo chake. Siku chache tu, akawa anamaliza mtungi wa maji na ulimi bado mkavu. Kisha akaanza kutapika, akashindwa kuinuka kitandani. Amisa akaja kumsaidia kujidunga, akaona kiasi anachovuta.

“Mama, mbona nusu?”

“Zile zingine zilikufa mu glase. Usimuambie mama mukwe wako. Weye njo utabakia mu hii nyumba.”

Mama Yakubu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Alilitua chini, akamwita Yakubu alete gari. Hospitalini alimshika nkambo mkono muda wote, na daktari alipouliza kulitokea nini, alijibu mwenyewe mbele ya watu:

“Ni minyi njo niliharibu dawa yake.”

Nkambo alipona, akapewa chupa nyingine, akamaliza mwezi wake akitetana na Mama Yakubu juu ya kila kitu, kuanzia chumvi ya mboga.

Mwaka uliofuata nilizaliwa mimi, na nkambo akapanda ndege tena. Uwanjani Mama Yakubu alinyoosha mkono kwa mazoea, akaurudisha. Akalegeza pindo la kitenge chake.

“Leta mbili, mukwe,” alisema. “Zingine ubakie nazo.”

Wakaja kuniona hivyo, kila mmoja na chupa zake kiunoni.