Siku Niliyomtembeza Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kumchukua mwanangu, wala hakuficha. Alipanda gari moshi la Mdachi kutoka pwani, akashuka Dodoma, akajiunga na msafara wa wafanyabiashara, akapakiwa juu ya punda mpaka kwetu, kati ya Kondoa na Kolo. Hata vumbi hajalipangusa, akasema, “Nimemfuata mke mwenzangu.” Mke mwenza wenyewe ni binti yangu, mtoto wa miaka minne. Ndivyo bibi wa pwani anavyomtania mjukuu wake wa kike. Ila siku ile hakuwa akitania. Kwao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi mzaa baba, na mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo.

Mimi ni Mrangi, nimezaliwa huku huku, na kwetu mtoto hulelewa na aliyemzaa. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Mwanamume yule, alipoona mama yake kanuna na mkewe kanuna, akakumbuka ghafla kwamba kuna nta ya nyuki ya kununua Pahi. Alfajiri alikuwa keshaondoka.

Nikabaki na mama mkwe. Alikaa barazani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha pumzi. “Mwanangu,” akaniambia, “mtoto atajifunza nini huku? Hakuna msikiti wa maana, hakuna kitu cha kutazama. Ni mawe na mbuzi.” Ningeweza kuvumilia mengi, lakini si kutukaniwa mawe yetu. Nikamwambia kesho nitamtembeza, aone kama huku hakuna cha kutazama. Moyoni nilisema akishaona nchi yetu ina heshima yake, ataona haya kumwondoa mtoto. Nilikuwa kijana bado, sikujua kwamba watu wazima hawaoni haya kirahisi.

Tukatoka jua halijachomoza. Yeye juu ya punda wa kuazima, amevaa buibui, vazi jeusi la kina mama wa pwani, geni kabisa kwetu, limemfunika toka utosini mpaka kisiginoni. Mimi kwa miguu, mtoto mgongoni, kibuyu cha maji begani, kamba ya punda mkononi.

Tulianza na msikiti wetu. Ulijengwa na wafanyabiashara wa pwani kwa udongo na miti, paa lake la udongo, bapa, kama la tembe zetu zote. Mnara haukuwapo, kwa hiyo muadhini alikuwa akipanda juu ya paa. Bahati mbaya mkewe naye alipapenda paa lile kwa kuanika ulezi. Tulifika wakati wa adhana tukamwona anaadhini huku akiinua mguu mmoja mmoja, asikanyage chakula chake. Mama mkwe alitazama mpaka mwisho. “Kwetu,” akasema, “muadhini hahofii kukosa uji.” Nikajikuta nacheka.

Kutoka hapo tukaenda misheni. Njia ilikuwa ile barabara pana ambayo Mdachi aliwalazimisha watu wetu kuilima, isiyo na mti hata mmoja wa kivuli, na jua lilishapanda. Mtoto alitaka punda. Akapandishwa kwa bibi, akataka mgongo. Akarudi mgongoni, akataka maji. Punda naye alisimama kila alipoona mavi ya punda mwenzake, akayanusa kwa makini, ndipo akubali kuendelea.

Padri, Mdachi mwenye ndevu, alifurahi kupata wageni wasiolazimishwa. Alitupeleka ndani, akatuonyesha picha kubwa za rangi zilizotoka kwao. Mama mkwe alisimama mbele ya ile ya Bibi Mariamu, akatikisa kichwa kwa heshima, maana hata sisi Waislamu tunamtukuza. Kisha akaona wale watoto wanene wenye mabawa, wanaruka uchi mawinguni. Akamwuliza padri mama yao yuko wapi. Padri akasema ni malaika, hawana mama. “Ndiyo maana hawana nguo,” akasema mama mkwe, kisha akanigeukia. “Unaona mtoto akikosa mtu wa kumlea.” Damu ilinichemka kanisani mle, Mungu anisamehe.

Nikaona sina budi kumpeleka kwenye mawe ya picha. Ni majabali makubwa juu ya kilima, na chini yake watu wa kale, hakuna ajuaye akina nani, walichora watu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu. Ni mahali patakatifu kwa wazee wetu. Mvua ikichelewa huenda kuiomba pale, na mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa mno. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba mwenye kuomba mvua huvaa nyeusi, na kondoo wa kuchinjwa huwa mweusi, kwa kuwa wingu la mvua ni jeusi. Niliyajua yote hayo tangu utotoni, na bado nilimpandisha kilimani bibi mzima aliyefunikwa nyeusi tupu. Hasira hula akili.

Tulikuta wazee wamekusanyika, kondoo keshachinjwa. Walipoona lile vazi linapanda juu ya punda kutoka mashariki, kunakotoka mvua yetu, kina mama wakapiga vigelegele. Mama mkwe akajiweka sawa juu ya punda. “Angalau hawa wana adabu,” akasema. Wakamshusha, wakamkalisha kwenye kigoda, wakampaka mafuta kidogo ya kondoo kwenye paji la uso, wakamnyunyizia maji ya unga. Nikamkimbilia bibi mkuu wa mambo yale, nikamweleza kwa Kirangi kwamba huyu ni mama mkwe wangu tu, amekuja kutazama picha. Akanijibu, “Kila mtu huja na sababu yake,” akaendelea kunyunyiza.

Ikabidi nimweleze mama mkwe kwamba wanamtaka aombe mvua. Nilidhani ataruka. Kumbe alikuwa amechoka kuwa mgeni asiye na kazi. “Dua ya mvua naijua,” akasema, akainua mikono, akaomba dua ndefu, nzuri, kwa sauti iliyotulia. Wazee wetu waliitikia kwa Kirangi kila alipovuta pumzi. Nilimwonea fahari, na nilikasirika kwamba ninamwonea fahari. Picha zenyewe alizitazama kidogo tu, akasema watu wale walihitaji kula.

Wakati wa kuaga, bibi mkuu akamshika mkono. “Aliyeomba mvua haondoki nchini mpaka aione,” akasema. Hayo niliyatafsiri vizuri sana, neno kwa neno, nikarudia mara mbili. Mama mkwe akakubali, ahadi ni deni. Niliteremka kilima kwa miguu myepesi. Mbingu zilikuwa kavu, na kwa mwendo ule angeweza kukaa hata mwaka, na mwanangu akakua mbele ya macho yangu.

Hatukufika mbali. Upepo ukageuka, mashariki kukawa kweusi, na mvua ikatushukia. Watu walitoka majumbani wakacheza kwenye matope. Nadhani katika Irangi nzima nilikuwa mtu pekee aliyeichukia mvua ile.

Tukajibanza chini ya jabali, sote watatu, na punda akiingiza kichwa. Mama mkwe alikuwa chapachapa, uso unang’aa. “Nimeiona,” akasema. “Keshokutwa mke mwenzangu na mimi tutafunga safari.”

Hapo nilipasuka. Nilisema kwa sauti ambayo mke haitumii kwa mama mkwe. “Simtoi mwanangu. Kama huwezi kukaa bila yeye, basi kaa wewe. Kaa hapa hapa umlee mbele yangu, lakini simtoi.” Nilikuwa namfokea, sikuwa namkaribisha.

Nikajua nimeharibu, talaka yangu iko njiani. Kisha akasema polepole, “Tangu mzee wangu afe, nimekwenda kwa watoto wangu wote. Wananipokea vizuri. Wananipa zawadi za kuondokea. Hakuna aliyeniambia kaa.” Akajifuta uso kwa buibui lililolowa, akazidi kujilowesha.

Hasira zote zikaniisha, na mimi nikalia. Nikamwambia tena, safari hii kwa adabu, “Kaa, mama.”

Tulifika nyumbani giza linaingia. Mume wangu alikuwa karudi, kasimama mlangoni, anatutazama tulivyotapakaa matope, hajui amwamkie nani kwanza. Akanivuta pembeni akaniuliza kwa woga, mama anaondoka lini na mtoto. Nikamwambia akatafute miti, amtengenezee mama yake kitanda.