Sikuwa Nimeshika Usukani

Kosa ni langu. Nalisema mapema kwa sababu najijua: nikianza na maelezo nitajikuta nimejitetea hadi mwisho, na wewe utanionea huruma nisiyostahili.

Kwa miaka kumi na moja nilifundisha watu kuendesha gari hapa Nakuru. Kama ulijifunzia upande wa Kiamunyi, huenda uliwahi kuniona: mwanamume mnene kidogo, ameketi kushoto kwa mwanafunzi, amekunja mikono na kutabasamu huku gari likiruka kama chura.

Gari la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Kwa hiyo somo langu la kwanza lilikuwa hili: "Usiogope. Ukikosea, mguu wangu uko hapa."

Mwanafunzi niliyemkosea nitamwita Mama Neema, ingawa si jina lake. Ni mfugaji wa kuku, miaka hamsini na kitu. Mume wake alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na gari lao likabaki nyumbani likikusanya vumbi. Kila wiki mzee alitakiwa kwenda hospitalini kufanyishwa mazoezi ya mkono na mguu, na kila wiki mama huyu aliwabembeleza majirani wamsaidie.

"Nimechoka kuambiwa ngoja kesho," aliniambia. "Mimi nataka kumpeleka mzee wangu mwenyewe."

Alikuwa mwoga, lakini mwoga mwenye maneno.

"Mwalimu, hii gari inajua mimi ni mgeni."

"Haijui kitu, Mama. Ongeza mafuta kidogo."

"Kidogo kama ya kukaanga sukuma wiki ama kama ya chapati?"

"Ya sukuma."

"Basi wewe hujawahi kuona sukuma yangu." Na gari likaruka.

Nilimpenda sana kama mwanafunzi. Alikuwa anaelewa, polepole, na kila juma alikuwa bora kuliko juma lililopita.

Sasa, Jumapili moja tulikwenda Elburgon kumsindikiza binamu yangu kupeleka mahari. Sisi ni watu wa magharibi, wakwe zetu wapya ni Wakikuyu, na walitukaribisha kwa muratina, ile pombe yao ya asali. Pembe ya kunywea ilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Kuikataa mbele ya wakwe ilionekana kama kumkataa binti yao, kwa hiyo nilikunywa. Halafu nikanywa kwa niaba ya shangazi aliyeokoka. Halafu kwa niaba ya wengine waliookoka, na siku ile walikuwa wengi.

Nikajisifu kwamba mimi ni mtu mwenye akili. Gari langu nilikuwa nimeliacha nyumbani, na shemeji yangu asiyekunywa ndiye aliyetuendesha. Nilirudi nikiimba kwenye kiti cha nyuma.

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapopotelea. Jumatatu asubuhi nilioga maji baridi. Nikapita kibandani nikanywa supu ya mbuzi yenye pilipili, kikombe kizima, nikaongeza chai kali. Jasho likanitoka. Nikajiambia pombe ndiyo hiyo inatoka, mimi ni mzima.

Supu haitoi pombe, ndugu yangu. Wala maji baridi, wala chai, wala jasho. Ini linafanya kazi kama karani mmoja mwenye foleni ndefu dirishani. Umpigie kelele, umletee chai, yeye anahudumia mtu mmoja baada ya mwingine kwa mwendo wake. Ukiwa umekunywa mpaka jioni, asubuhi foleni bado ipo. Kinachoiondoa ni saa kupita, basi. Supu inakuchangamsha tu, kwa hiyo unakuwa mlevi aliyechangamka.

Na nilikuwa na kisingizio cha pili, kizuri kuliko cha kwanza: leo sishiki usukani, nitakuwa tu pembeni.

Saa mbili asubuhi Mama Neema alikaa kwenye kiti chake. Tulikata kona moja ya barabara ya vumbi, taratibu, vizuri kabisa. Mbele yetu akatokea punda anayevuta mkokoteni wa mitungi ya maji. Mama alishtuka, na badala ya breki akakanyaga mafuta.

Kosa hilo wanafunzi hulifanya kila mwezi. Ndiyo maana kuna breki ya pili. Ndiyo maana kuna mimi.

Niliona kila kitu. Nilimwona punda, nikauona mguu wa mama, nikajua la kufanya. Mguu wangu ukaja, lakini ulikuja kama mtu aliyeitwa mara mbili. Tuligonga gurudumu la mkokoteni, gari likaishia mtaroni.

Punda hakuumia. Alianza kula majani ya kando. Mwenye punda aliwahi kuruka pembeni, akasimama na vumbi hadi magotini. "Mathe, hata punda huoni? Ni kubwa hivi!"

Mama Neema alikuwa ameshikilia mkono wake wa kulia kifuani. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika kwa kugonga usukani.

"Ni mimi," alisema. "Mwalimu, nisamehe. Ni mimi nimekosea."

Nikamjibu nini? Nilimjibu kwa sauti yangu ile ya upole, "Ni kawaida, Mama. Wanafunzi huchanganya."

Hilo ndilo ungamo langu. Pombe ni nusu yake tu. Mwenye shule alipouliza, nilisema mwanafunzi alikanyaga mafuta. Ni kweli alikanyaga. Mwenye punda tulielewana naye palepale, polisi hawakuitwa, hakuna aliyeniambia nipulize kile kifaa cha kupima pombe. Nilitoka msafi kabisa.

Majuma yakapita na Mama Neema hakurudi. Nilijiambia anasubiri plasta itolewe. Kisha siku moja katibu wa shule yetu, anayenunua mayai kwake, akaniambia, "Yule mama wako wa punda anauza gari. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Anasema mikono yake si ya kushika usukani."

"Na mzee wake je?"

"Mzee hajaenda mazoezi tangu ajali. Mama hawezi hata kumwinua kitandani na mkono mmoja, atamtoaje nje?"

Nilimaliza siku nikifundisha watu kurudi nyuma kati ya vigingi, na sikumbuki hata mmoja.

Jumamosi nilifika kwake mnunuzi akiwa tayari yuko uani, anapiga magurudumu mateke kama wafanyavyo wote. Mzee alikuwa amekalishwa na majirani kwenye kiti mlangoni, blanketi magotini.

"Mama, naomba tuongee kidogo," nikasema.

"Ongea tu, Mwalimu. Huyu boss anangoja."

Nilitaka faragha, sikuipata. Basi nikasema hapohapo, mbele ya mnunuzi, mzee na kuku. Nilisema kwamba siku ya punda nilikuwa na pombe ya jana yake mwilini. Kwamba kosa lake lilikuwa la kawaida na kazi yangu ilikuwa kulizuia, na nilichelewa. Kwamba nilijua, na nikamwacha aamini ni yeye.

Mnunuzi aliacha kupiga magurudumu.

"Ulikuwa umelewa?" Mama Neema akauliza.

"Nilidhani imeisha. Haikuwa imeisha."

"Na mimi kila usiku nayakanyaga yale mafuta," akasema. "Nikiwa kitandani. Nayakanyaga, nayakanyaga, nikijiuliza mbona mimi ni mjinga hivi."



Mzee ndiye aliyeongea. Maneno yake hutoka kwa shida tangu augue, kila moja linasukumwa. "Gari," akasema. Akapumzika. "Haiuzwi."

"Mzee, nimetoka mbali, Keringet kule," mnunuzi akalalamika.

"Rudi," akasema mzee, na hilo lilitoka bila shida yoyote.

Nilijitolea kumfundisha Mama Neema upya bure. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama yai bovu. "Nitajifunza. Lakini si na wewe. Na simu ya mkubwa wako ipige sasa hivi, nisikie ukimwambia."

Nilipiga, akasikia. Kazi yangu iliishia katika mazungumzo yale na sikubishana. Leo nauza vipuri vya magari dukani. Watu bado huniita Mwalimu, wengine wakicheka, na kila wakiniita naona haya kidogo.

Yeye alifundishwa na mwalimu mwingine, mwanamke, akapita mtihani mara ya kwanza. Nimewaona wakielekea hospitalini, mzee amefungwa mkanda vizuri. Hakunipungia mkono, na sikutarajia. Alikuwa anaangalia barabara.

Wewe unayesoma, ukijua Jumapili utakunywa, panga na Jumatatu yako pia. Omba zamu ya mchana, omba siku ya mapumziko, mpe mwenzako kazi. Hakuna atakayekucheka zaidi ya nilivyochekwa mimi. Na kama umeshakosa, na kuna mtu mahali fulani anabeba kosa lako akidhani ni lake, nenda ukamwambie leo. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja majuma mengi, na muda wote huo mzee alikuwa amelala akitazama ukuta.