Siku Wandera Alipotoa Ufunguo wa Lori Lake

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nasema asante kwa sauti, hata nikiwa peke yangu chumbani. Wakati huo nilikuwa dereva wa Hajjat Zaina, mama wa mjini Busia aliyekuwa na malori ya kubeba kontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Tororo. Kati ya madereva wake mimi ndiye niliyeandikwa mwisho. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Mwello na leseni mpya na maringo ya kutosha, nimepanga chumba kimoja, na mama yako alikuwa na mimba yako.

Mwaka huo meli zilipungua. Mizigo ilikwama huko ilikotoka, na wenye meli wakaanza kuruka bandari: meli tunayoisubiri wiki hii tunaambiwa haiji, na itakayokuja baadaye inakuja kwa kujikokota. Pale mpakani Malaba, ambapo tulizoea foleni ndefu hadi mtu anapika na kufua kando ya barabara, ukawa unapita bila kusimama. Wenye malori wengi walishikwa na hofu. Waligombania kontena chache zilizokuwepo, wakashusha bei mpaka safari ikawa hailipi hata dizeli.

Hajjat hakukimbilia huko. Alituita uani kwake, akatutengea chai, akatueleza taratibu. Wenye meli, alisema, hawauzi meli zao kwa sababu mizigo imepungua. Nyingine wanazitia nanga zipumzike, nyingine wanaziendesha polepole, ili kila inayosafiri isafiri imejaa na bei isianguke. Yeye naye angefanya vivyo hivyo: nusu ya malori yangeegeshwa mpaka hali itulie. Yalikuwa maneno ya busara. Lakini katika kazi yetu lori likiegeshwa, kuna dereva anayerudi kwao, na anayeanza ni yule aliyeingia mwisho. Nikaweka kikombe chini. Nilimfikiria mama yako na mwezi wake wa kujifungua, nikaona aibu hata ya kurudi nyumbani.

Hapa nikueleze jambo moja ambalo ninyi wa ofisini hamlijui. Dereva wa masafa marefu hakubali mwenzake akalie kiti chake. Lori ni la mwenyewe kwenye karatasi tu. Barabarani ni lako. Unajua klachi inashikia wapi, una mto wako, sufuria yako, rozari au tasbihi yako inaning'inia kwenye kioo. Ukionekana umempa mtu lori lako, wenzako kwenye foleni watakuuliza umefanya kosa gani. Na hakuna aliyelionea wivu lori lake kama Mzee Wandera, Msamia mmoja mrefu, mkongwe kuliko sisi sote. Hata fundi akiligusa, Wandera alimsimamia kichwani. Lori hilo ndilo la kwanza ambalo Hajjat alisema litabaki barabarani.

Wandera akasimama. "Hajjat, gari ilale," alisema. "Lakini watu hapana. Gari moja, madereva wawili. Huyu anaenda safari, yule anakaa shamba. Akirudi, wanabadilishana."

Madereva walinuna, na mmoja akasema afadhali aache kazi kuliko kumkuta mtu kwenye kiti chake. Wandera hakubishana naye. Alivua ufunguo aliokuwa akiuvaa shingoni kwa kamba, akaja hadi nilipokaa, akauweka kiganjani mwangu.

"Othieno, safari ya kwanza ni yako. Mimi nakwenda kupalilia muhogo."

Nikajifanya muungwana. Nikamwambia yeye ni mkubwa wangu, haifai. Akanikata kauli palepale. "Sijakuuliza kama inafaa. Bibi yako anakula nini mwezi hii?"

Nikafumba kiganja juu ya ufunguo. Na wale wengine, wakiwa wamemwona mkubwa wao ametoa kiti, waligawana malori bila kelele.

Miezi ile tulikula kidogo, lakini tulikula sote. Zamu ya Wandera ya kupumzika ilipofika, alitoka shambani kwake kuja kuwasha injini za malori yaliyoegeshwa zisife, na hakuna aliyemtuma. Alinisema weee kwa sababu nilisogeza kiti mbele, maana miguu yangu ni mifupi. Wewe ulizaliwa katikati ya dhiki ile, na hukukosa kitu.

Mizigo iliporudi, ilirudi yote kwa pamoja. Waliofukuza madereva walizunguka Malaba kutafuta watu, na malori yao betri zimekufa. Sisi tulitoka siku hiyohiyo. Nilimpelekea Wandera ufunguo wake, naye akaurudisha mfukoni mwangu. "Kaa nayo. Kiti imeshazoea mgongo yako. Hajjat atanipa ingine." Nililia mbele yake kama mtoto, na sioni haya kukwambia.

Sasa umeniambia kwamba meli zimepungua tena kwa sababu zinazunguka njia ndefu, mizigo ya kampuni yenu ya malori imepungua, nawe umepewa kazi ya kuchagua nani aondoke. Umeanza na kijana aliyeingia mwisho. Mwanangu, egesha malori, hilo halina ubaya. Punguza mwendo, wala usigombanie bei na watu wenye hofu. Lakini watu wagawane safari zilizobaki, na wa kwanza kutoa kiti uwe wewe uliye mkubwa wao. Siku ile hatukushawishiwa na maneno ya Wandera, tuliona ufunguo ukitoka shingoni mwake.

Mungu akupe mizigo ya kutosha, na siku itakapopungua akupe mkono mwepesi wa kutoa. Akuweke uzeeke ukiwa unatajwa kwa shukrani nyumbani kwa huyo kijana, kama Wandera anavyotajwa hapa kwetu kila tunapokaa kula.