Koti la Mwenye Nyumba

Tulikuwa wanne katika nyumba ile ya kupanga Gaithersburg, huku ughaibuni: mama, aliyekuja kutoka Tanga kumtazama dada yangu baada ya kujifungua, dada mwenyewe, mwanawe, njiti aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, aliyetoka hospitali akiwa mwepesi kama mkate, na mimi, niliyekuwa nikiandika riwaya jikoni huku nimevaa glavu. Muuguzi alituagiza jambo moja tu: mtoto asipigwe baridi. Akipigwa baridi, alisema, ataichoma nyama yake ile kidogo kujipasha moto, uzito utashuka, na atarudi kwenye mirija.

Na nyumba ilikuwa barafu. Boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, ililala chumba cha chini kama ng'ombe mgonjwa, kimya. Themostati, kile kisanduku cha ukutani kinachoiamuru iwake au izime, sindano yake iliganda kwenye sabini na mbili. Kwa vipimo vya huku hilo ni joto la kuvaa fulana. Sisi tulikuwa tunaona pumzi zetu. Tulizungusha kitufe, tukakigonga, wapi. Boila, ikiambiwa nyumba ina joto, haikuona sababu ya kuamka. Mama akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika kanga na mablanketi, akageuka yeye ndiye boila.

Nikimpigia simu mwenye nyumba, alinizamisha katika salamu.

"Kwema? Mama hajambo? Mtoto ananyonya? Alhamdulillahi. Na uandishi, mwanangu? Tunakuombea."

Nikifika kwenye themostati, anapigiwa simu nyingine. "Nitapita niicheki, inshallah."

Nilitaka kwenda Rockville, kwenye ofisi za kaunti, nikamshtaki. Dada akanishika mkono. "Mtu wa kwetu yule. Tukifikwa na msiba huku, atakuja kukaa nasi nani?"

Hilo ndilo lililoniuma kuliko baridi yenyewe. Undugu, kitu kitamu tulichovuka nacho bahari, mtu mmoja alikuwa amekigeuza tambara la kufunikia uchafu wake.

Alikuja Jumamosi mchana na boksi la maandazi. Koti lake refu, jeusi, lenye manyoya shingoni, lilinuka karafuu na jasho la zamani. Akaamkia, akamwambia mtoto mashaallah, kisha akaisogelea themostati, mikono mfukoni.

"Sabini na mbili! Mbona kuzuri, mama? Nyinyi mmezoea jua la Tanga tu." Akacheka, na mvuke ukamtoka mdomoni pamoja na kicheko.

Nikafungua kinywa, mama akaniwahi.

"Kweli, baba, ni mazoea. Basi vua koti ukae."

"Hapana mama, napita tu."

"Unapita? Uingie nyumba yenye mzazi, usile, usinywe, upite? Vua koti, baba. Nyumba si ina joto?"

Akavua. Angefanya nini? Mama akanitupia jicho. Nikalipokea koti, nikalipeleka chumbani, nikafunga mlango. Mgeni wetu akabaki na shati jembamba.

"Chai ichemke vizuri," mama akaniambia. "Iliki uitwange, usiharakishe." Kisha akamgeukia, sauti yake asali tupu. "Mama yako mzazi hajambo? Na shangazi zako? Na yule aliyeolewa Pangani?"

Alijibu. Akasugua magoti. Mama akashuka kwa binamu, akapanda kwa majirani, hakuacha mtu. Midomo ya mgeni ikawa ya kijivu.

"Unahisi baridi, baba?"

"A-a, mama."

"Alhamdulillahi. Na wajukuu?"

Chai ilipofika alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyeokolewa majini. "Mama," akasema, "naomba koti langu."

"La nini, baba?"

Dada alitazama sakafu, akiuma upindo wa kanga asicheke. Mgeni akainuka, akaiendea themostati, akaling'oa ganda lake kwa hasira.

Mende wakamwagika. Wadogo, rangi ya chai, wakampanda kiganjani na kuingia ndani ya mkono wa shati. Akapiga kelele. Ndani ya kisanduku kulikuwa na kinyesi kama pilipili manga iliyosagwa, na vifuko vya mayai vimegandana kwenye sindano. Siku zote zile, sindano hiyo ndiyo shahidi aliyeaminiwa kuliko meno yetu yaliyokuwa yakigongana.

Alikwenda dukani, akarudi na themostati mpya, akaifunga mwenyewe. Boila ikakohoa, ikanguruma. Mabomba yakaanza kualika ukutani, na mtoto akachomoa mguu kwenye kanga, kwa mara ya kwanza, akauacha nje.

Akika yake tuliifanyia ukumbini Langley Park. Mashavu yalikuwa yameanza kujaa. Mwenye nyumba alikuwepo, akiwasimulia watu: "Walinipigia tu, saa ile ile nikatoka." Watu wakamwombea baraka. Akaja mezani petu, akanyoosha mikono ampakate mtoto.

Mama hakumtoa mtoto.

"Kanawe kwanza, baba," akasema.